Dawa ya Wazee na Wajibu wa Kuipima

Mtu anayetembea katika vijiji vya Nyamahanga, katika sehemu ile ya Mkoa wa Kagera zilipo wilaya za Ngara na Biharamulo, hana haja ya kwenda mbali kutafuta dawa ya tumbo. Kando ya migomba na katika mipaka ya viwanja huota kichaka kimoja chenye majani machungu mno. Majirani zetu wa Burundi na Rwanda hukiita umubirizi, Wahaya hukiita omubilizi, na wataalamu wa mimea wamekipa jina la Vernonia amygdalina. Mtoto akilalamika tumbo, au akishukiwa kuwa na minyoo, majani hayo huchumwa, husuguliwa katika maji, na mtoto hunyweshwa huku akikunja uso. Kwa kifua na kikohozi yako majani mengine, ambayo huchemshwa na mgonjwa akajifukiza chini ya blanketi. Mambo hayo hayakuandikwa katika kitabu chochote cha shule. Bibi alimfundisha mama, na mama akamfundisha binti yake.

Basi katika makala haya twakusudia kulichunguza swali moja ambalo kila mwalimu na kila mwanafunzi wa sekondari hana budi kukutana nalo siku moja, akiwa darasani au akiwa kando ya kitanda cha mzazi wake. Je, tukisema kuwa tunaziheshimu dawa za wazee wetu, tunalazimika kuziamini zote? Na je, yule anayetaka kuzipima kabla ya kuziamini amewavunjia wazee heshima?

Kuna majibu mawili yaliyozoeleka, na yote mawili twayaona kuwa na kasoro.

Jibu la kwanza ni la yule aliyesoma kidogo akaona haya. Kwake yeye, kila kilichotoka kwa mzee kijijini ni ushirikina. Mawazo hayo hayakuzuka yenyewe. Serikali ya kikoloni katika Tanganyika ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1928, na kwa macho ya watawala wengi wa wakati ule mganga na mchawi walikuwa karibu mtu mmoja. Mganga aliyejua mizizi ya kutibu kuhara alijikuta amewekwa katika kivuli kimoja na mpiga ramli anayesingizia majirani. Watoto wetu wakafundishwa kwamba elimu ni kusahau. Wazee walikwisha tuonya kuwa mwacha mila ni mtumwa, nasi twaona jinsi onyo hilo lilivyo la kweli kila tunapomwona kijana anayejua majina ya dawa kumi za dukani, lakini hajui jina la mti ulioko nyuma ya nyumba yao.

Jibu la pili ni la yule ambaye, kwa hasira ya kudharauliwa, amekwenda upande wa pili kabisa. Huyo husema kwamba dawa ikiwa ni ya jadi basi ni nzuri, na kwamba kuihoji ni kuwa mtumwa wa Wazungu. Maneno yake hupendeza kuyasikia, hasa katika nchi iliyopigania uhuru wake. Lakini tumfikirie baba mmoja wa kijijini anayekohoa. Wiki ya kwanza anajifukiza. Wiki ya pili anapewa mzizi wa kutafuna. Mwezi wa pili anaanza kukonda na kutoka jasho usiku, na anaambiwa avumilie, kwani dawa bado inafanya kazi. Mwezi wa nne anatema damu. Kumbe alikuwa na kifua kikuu, ugonjwa unaotambulika kwa kupima makohozi, na ambao katika nchi yetu hutibiwa bila malipo kwa vidonge vya miezi sita. Na katika miezi hiyo minne alikuwa akilala chumba kimoja na watoto wake. Huyu hakuuawa na dawa ya wazee. Aliangamizwa na watu waliokataa kuiuliza dawa hiyo kama inafanya kazi.

Kwa kuwa swali hili halikutufikia sisi peke yetu, yafaa tutazame nchi nyingine iliyolipitia kabla yetu. Nchi hiyo ni Japani. Wajapani wana tiba yao ya mitishamba iitwayo Kampo, iliyotoka China karne nyingi zilizopita na kubadilishwa kulingana na maisha yao. Mganga wa Kampo humtazama mgonjwa ulimi, humshika mapigo ya damu, na humbonyeza tumbo kwa vidole akitafuta mahali penye ugumu au ulegevu. Dawa zake huwa ni mchanganyiko wa mimea kadhaa. Kwa tumbo lililopoa na matumbo yaliyozubaa iko dawa iitwayo daikenchuto, ambayo ndani yake mna tangawizi kavu, pilipili ya Kijapani, mzizi wa ginseng na sukari ya kimea. Kwa asiye na hamu ya chakula iko rikkunshito. Kwa kikohozi kikavu iko bakumondoto. Mama wa Nyamahanga angeona mambo mengi ya kumstaajabisha katika orodha hiyo, lakini tangawizi asingeistaajabia.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Japani iliamua kuiga maarifa ya Ulaya ili isitawaliwe. Ikaamuru kwamba daktari ni yule tu aliyefaulu mitihani ya tiba ya Kimagharibi. Waganga wa Kampo waliomba watambuliwe, na mwaka 1895 bunge likakataa ombi lao. Ilionekana kana kwamba tiba hiyo imezikwa. Yatupasa kukumbuka kuwa Wajapani hawakulazimishwa na mkoloni. Walijidharau kwa hiari yao wenyewe, kwa kuogopa kuachwa nyuma.

Waliofufua Kampo hawakuwa watu waliokataa elimu mpya. Mmoja wao alikuwa daktari Yumoto Kyushin, aliyesomea tiba ya Kimagharibi. Binti yake alifariki kwa ugonjwa wa kuhara, na elimu yote aliyokuwa nayo baba yake haikumwokoa. Uchungu huo ukamfanya arudi katika vitabu vya kale, akajaribu dawa zake, na mwaka 1927 akaanza kuchapisha kitabu kikubwa kuzieleza kwa madaktari wenzake. Kabla yake, mwaka 1885, mkemia Nagai Nagayoshi alikuwa amechukua mmea uitwao mao, uliotumika tangu kale kwa mafua na pumu, akatenga ndani yake kitu kinachoitwa efedrini. Baadaye, katika miaka ya 1920, madaktari wa nchi nyingi wakaanza kukitumia kutibu pumu. Mwaka 1976 serikali ya Japani ikaziingiza dawa nyingi za Kampo katika bima ya afya ya taifa. Leo daktari wa hospitali nchini humo anaweza kumwandikia mgonjwa kidonge cha kiwandani na pakiti ya Kampo katika karatasi moja.

Hapo baadhi ya wasomaji watasema, "Tazameni basi, dawa za jadi zimeshinda." Lakini hadithi haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo yenye funzo kubwa zaidi. Kati ya dawa zilizopendwa sana nchini humo ni ile iitwayo shosaikoto, iliyotumika kwa mafua yaliyokawia, kwa magonjwa ya kifua, na hasa kwa ugonjwa wa ini. Ilikuwa dawa ya kale, yenye heshima, na watu wengi waliiona kuwa haina madhara kwa sababu ni ya mimea. Mwaka 1996 serikali ya Japani ikatoa onyo la dharura: wagonjwa kumi waliokuwa wakiitumia walikuwa wamefariki kwa uvimbe wa mapafu. Dawa iliyosifiwa kwa kifua ilikuwa imeharibu vifua. Vilevile, mzizi mtamu uitwao kanzo, unaotiwa katika dawa nyingi za Kampo, umejulikana kuwa ukitumiwa kwa wingi huweza kupandisha shinikizo la damu na kupunguza madini ya potasiamu mwilini.

Je, Wajapani waliiaibisha tiba yao kwa kutangaza mambo hayo? Twaamini kwamba waliiheshimu. Wangenyamaza, watu wengine wangekufa, na siku ukweli ungalipojulikana, Kampo yote ingalitupwa, nzuri pamoja na mbaya. Kwa kuwa walihesabu vifo na kuvitaja, mgonjwa anayepewa dawa nyingine ya Kampo ana sababu ya kumwamini anayempa. Wahenga wetu walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Twadhani methali hiyo haimhusu mgonjwa peke yake. Yamhusu pia mwenye dawa anayeficha makosa ya dawa yake.

Yuko atakayetujibu kuwa huko kupima na kuhesabu ndiko hasa kulikoletwa na Wazungu, na kwamba mila yetu ni kupokea. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, nasi hatutaki kuipita kando.

Katika Japani yenyewe, zaidi ya miaka mia moja kabla ya madaktari wa Ulaya kutamalaki, mganga Yoshimasu Todo, aliyeishi kuanzia mwaka 1702 hadi 1773, aliwaudhi wenzake kwa kukataa nadharia nzuri zisizoonekana. Yeye alishikilia kwamba dawa ithibitishwe kwa yale yanayoonekana katika mwili wa mgonjwa. Huyo hakuwa Mzungu wala mwanafunzi wa Mzungu.

Lakini hatuna haja ya kwenda Japani kutafuta ushahidi. Upo kusini mwa Kagera, katika Mkoa wa Kigoma, kwenye milima ya Mahale iliyo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Watafiti wa Kijapani wamewachunguza sokwe wa Mahale tangu mwaka 1965, na mwaka 1985 mahali hapo pakawa hifadhi ya taifa. Mwezi wa Novemba 1987, Michael Huffman, Mmarekani aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Kyoto, alikuwa msituni pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyekuwa mtumishi wa hifadhi na mjuzi wa mitishamba ya kwao. Walimwona sokwe jike aitwaye Chausiku akiwa dhaifu, mwenye dalili za kuumwa tumbo. Chausiku alichuma tawi, akalimenya ganda, akatafuna kiini chake na kumeza maji yake machungu. Kesho yake alionekana amepata nguvu na hamu ya kula. Mti huo Watongwe huuita mjonso. Nao ni ule ule umubirizi wa nyuma ya nyumba za Nyamahanga.

Kalunde alimweleza mwenzake kuwa huo ni mti wa dawa wa Watongwe kwa ajili ya tumbo. Wakemia wa Kyoto, Koshimizu na Ohigashi, waliuchambua wakakuta ndani yake vitu vichungu vyenye nguvu juu ya vijidudu. Baadaye sokwe mwingine mgonjwa alipotafuna mti huo, choo chake kilipimwa, na ikaonekana kuwa mayai ya minyoo yalikuwa yamepungua sana kwa muda usiofika siku moja. Hivyo mzee wa Kitongwe, sokwe wa Mahale na maabara ya Kyoto walikutana katika mti mmoja.

Katika ukoo huo wa Kalunde husimuliwa habari nyingine ambayo twaipenda kuliko hiyo ya sokwe. Babu yake alimwona nungu mgonjwa akichimba na kula mizizi ya mmea ambao wanakijiji waliujua kuwa ni sumu. Nungu akapona. Wakati huo kijiji kilikuwa kimeingiliwa na ugonjwa wa kuhara damu. Mzee huyo hakukimbilia kuwanywesha watu. Kwanza alionja yeye mwenyewe, kidogo kidogo, mbele yao. Alipoona kuwa haikumdhuru, ndipo akawashawishi wagonjwa waitumie.

Tuitafakari habari hiyo vizuri. Mzee aliona jambo, akashuku, akakumbuka hatari, akapima kwa kiasi kidogo, tena juu ya mwili wake, kisha akawaeleza wenzake hadharani alichokiona. Je, haya siyo mambo ambayo mwalimu wa sayansi huyafundisha darasani? Basi kupima si ugeni katika nyumba yetu. Kila dawa iliyotufikia ilimpata mtu wa kwanza aliyeijaribu kwa woga na uangalifu. Sisi tuliokuja nyuma tumeurithi mti tukauacha uangalifu, halafu tukauita uzembe wetu kuwa ni mila. Anayeimeza dawa bila kuuliza hamfuati mzee yule wa Kitongwe. Anamfuata yule tu anayeihifadhi dawa kwa karara ya maneno, bila kazi iliyoizaa.

Matokeo ya uzembe huo tuliyaona wote mwaka 2011, watu wa mikoa yote, na hata wa nchi jirani, walipomiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Mti uliotumika, mugariga, ni mti wa dawa unaojulikana na wenyeji wengi. Mchungaji huyo hakudai fedha nyingi, wala hatuna sababu ya kumtuhumu kuwa na nia mbaya. Lakini iliaminiwa kuwa kikombe kimoja chatosha kwa UKIMWI, kisukari, pumu na mengineyo, na wako walioacha dawa zao za kila siku kwa sababu ya imani hiyo. Mti mzuri ulitwishwa mzigo ambao hakuna mti uwezao kuubeba. Waliolipa gharama ni wagonjwa, na pamoja nao waganga waaminifu ambao tangu siku hiyo huchekwa kwa makosa yasiyo yao.

Taifa letu halikukosa njia bora. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili huko Muhimbili, ambacho mwaka 1991 kilifanywa kuwa taasisi kamili. Mwaka 2002 Bunge lilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyoweka baraza la kuwasajili waganga. Watafiti wa Muhimbili wamefika hata katika vijiji vya Kagera kuandika majina ya miti na matumizi yake kutoka vinywani mwa wazee. Kazi hiyo ni ya utamaduni sawasawa na kukusanya ngoma na methali.

Hata hivyo, mzee anayekataa kuutaja mti wake ana neno la haki, nasi hatuna budi kulisikiliza. Anajua kuwa mti ukitajwa, mwingine ataunda chupa na kuuza, na yeye atabaki na kibanda chake. Woga huo si wa kuchekwa. Lakini siri nayo ina gharama, kwa maana mficha uchi hazai: mzee afapo na siri yake, mti husimama pale pale ukiwa kuni tu. Dawa ya woga huo ni haki. Makala yaliyoandikwa mwaka 1989 juu ya Chausiku yalibeba majina mawili, la mtafiti wa Kyoto na la Seifu, mjuzi wa Kitongwe. Na mwaka 2010, katika mji wa Nagoya huko Japani, mataifa yalikubaliana juu ya itifaki inayotaka wenyeji wenye maarifa washirikishwe katika faida inayotokana na maarifa hayo. Mtafiti anayekwenda kwa mzee na daftari, na aende pia na ahadi hiyo, kisha aitimize.

Sasa tulijibu swali tulilolianza. Kuheshimu dawa ya wazee ni kuichukulia kuwa ni jambo la kweli, na jambo la kweli huweza kuulizwa maswali. Asiyetaka kuiuliza anaichukulia kuwa pambo. Kwa hiyo mganga mwenye heshima si yule asiyeshindwa, maana hakuna wa namna hiyo, na wahenga walikwisha sema kuwa mganga hajigangi. Ni yule anayeweza kumwambia mgonjwa aliyekohoa kwa wiki mbili, "Mwanangu, kifua hiki kimenishinda. Nenda zahanati ukapimwe makohozi, kisha urudi uniambie." Na daktari mwenye heshima ni yule anayemwuliza mgonjwa bila dharau, "Mama, nyumbani umekunywa nini?" ili ajue kisije kikagongana na dawa atakayompa, na pengine naye ajifunze.

Nanyi walimu na wanafunzi mna sehemu yenu. Likizo ijayo kaeni na bibi na babu zenu, muwaombe ruhusa, na muandike: mti unaitwaje, unatibu nini, sehemu gani hutumika, kiasi gani, nani asipewe, na lini ulishindwa. Swali hilo la mwisho msiliache, hata kama litawakalisha kimya kwa muda. Mzee aliyejaribu dawa kweli kweli huwa nalo jibu.